Joe Slovo Kwenye Mlango wa Morogoro

Leo nawapeleka Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, Aprili 1969. Chama cha ANC cha Afrika Kusini, kikiwa uhamishoni, kilijiuliza pale: wasio Waafrika wapewe uanachama?

Miongoni mwa waliongoja jibu ni Joe Slovo, Myahudi aliyezaliwa Obeliai, Lithuania, mwaka 1926 na kupelekwa Johannesburg akiwa mtoto. Wayahudi waliobaki Obeliai waliuawa mwaka 1941. Mtu huyo alijua chuki ya asili humfikisha mtu wapi.

Mlango ulifunguliwa nusu. Wa rangi zote waliokuwa uhamishoni walikubaliwa, na Slovo akaingia Baraza la Mapinduzi. Lakini Halmashauri Kuu ilibaki ya Waafrika mpaka mkutano wa Kabwe, Zambia, mwaka 1985. Miaka 16! Mimi siwalaumu waliosita. Wazungu wengi waliowajua walikuwa makaburu. Ila namstahi aliyengoja bila kususa, hata baada ya mkewe, Ruth First, Myahudi mwenzake, kuuawa Maputo mwaka 1982 kwa bomu lililotumwa kama kifurushi.

Mwaka 1994 Mandela alimfanya Waziri wa Nyumba. Alifariki Januari 6, 1995, akazikwa Soweto.