MIZANI YA MWILI

Hotuba ya mganga msaidizi mstaafu, mwanachama wa chama cha msingi, mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Wasemaji walionitangulia wameeleza habari za marobota, za magari na za maghala, nami nimesikiliza kwa fahari. Lakini walipokuwa wakisema, macho yangu yalikuwa kwenye viti vya mbele, walikoketi wale waliotia sahihi zao, na wengine dole gumba, siku Chama hiki kilipoanza. Aliyekuwa na miaka 50 siku ile, leo ana 60. Aliyekuwa na 60, leo ana 70. Tena viti vingine ni vitupu. Nimeombwa niseme juu ya afya ya wazee, nami sitasema kama mganga tu, kwani mimi mwenyewe nimo katika hesabu hiyo.

Sisi wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa tuna historia na mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 baba zetu walichoka kupunjwa kwenye vituo vya kununulia pamba, wakaweka wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mizani na kuihakiki. Katika juhudi hizo vyama vya ushirika vikastawi, hata mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Hoja ya wazee wale ilikuwa nyepesi: jicho halitoshi kujua uzito wa gunia, sharti lipimwe. Basi swali langu leo ni hili: ikiwa hatuliamini jicho katika pamba, kwa nini twaliamini katika miili yetu?

Nitawapa mfano wa nyumbani kwetu. Kaka yangu mkubwa alikuwa mpimaji katika chama chetu cha msingi. Hakupima gunia la mtu kabla hajahakikisha kwamba mshale umesimama kwenye sifuri, na watu walimpenda kwa uaminifu huo. Alipofika miaka 64 alipimwa shinikizo la damu katika zahanati, akaambiwa ni 170 kwa 100. Akapewa vidonge, akavimeza mwezi mmoja. Alipojiona hana maumivu wala homa, akaviacha. Nilipomuuliza, alinijibu, "Mdogo wangu, dawa ni ya mgonjwa. Mimi nalima."

Miaka miwili baadaye, siku ya soko la pamba, alianguka kando ya mizani yake. Mdomo ulikwenda upande, maneno yakakwama, na mkono wa kulia haukuinuka tena. Wako waliosema amerogwa, na siku mbili zikapita watu wakitafuta aliyemroga. Mimi nilikuwa safarini. Nilipofika na kumpeleka hospitali, saa zilizofaa zilikuwa zimekwisha pita. Aliishi miaka mitatu akilishwa na mkewe, naye ni mzee kama yeye. Ilikuwa kiharusi, na chanzo chake kiliandikwa katika daftari la zahanati tangu miaka miwili nyuma.

Ndugu zangu, shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa. Namba ya juu ni nguvu ile moyo unapopiga, na ya chini ni pale unapopumzika. Ikiwa kipimo, kikirudiwa kwa siku mbalimbali, kinabaki 140 kwa 90 au zaidi, shinikizo hilo limezidi. Umri ukisonga mishipa hukakamaa, na hatari huongezeka. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haliumi. Mtu hulima, hucheka, hucheza ngoma, na huku ndani moyo, figo na ubongo vinaharibika. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini haya ni maradhi yanayojificha yenyewe, na kinachoyafichua ni kipimo.

Baada ya msiba ule nami nikaenda kupimwa, mimi niliyepima watu maisha yangu yote. Nikakutwa na 160 kwa 95. Nasema hivi hadharani ili asiwepo mzee atakayeona haya. Namshukuru Mungu, tangu siku ile nameza dawa kila asubuhi, nami ningali napalilia shamba langu.

Yako mambo ambayo kila mmoja wetu aweza kuyafanya kwake. La kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo katika chakula cha kununua. Basi mama akiisha kukoleza mboga jikoni, chumvi isiletwe tena mezani. Mchicha, kunde, papai na viazi vitamu tunavyo wenyewe. Tusiviuze vyote tukanunua soda.

La pili ni mwili kutembea. Msimu wa kupalilia na kuvuna hatuna shida. Shida huja pamba ikiisha kuuzwa, mzee akahamia kwenye kiti chini ya mwembe mpaka mvua. Yatakiwa walau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Tena mzee ajizoeze kusimama kwa mguu mmoja, akishika nguzo ya nyumba, apate kuimarisha miguu, maana anguko moja laweza kuvunja nyonga na kumlaza mtu moja kwa moja. Mama zetu wakumbuke hili zaidi, kwa kuwa mifupa yao hupungua nguvu upesi baada ya hedhi kukoma.

La tatu, tumbaku iachwe, na pombe ipunguzwe. La nne, dawa ya shinikizo isikatishwe kwa sababu mtu anajisikia vizuri: kujisikia vizuri huko ndiyo kazi ya dawa. Wala tusimeze ovyo vidonge vya maumivu ya viungo vya dukani, kwa kuwa baadhi yake hupandisha shinikizo na kuumiza figo. La tano, mtu akipinda mdomo, akilegea mkono, au ulimi ukawa mzito ghafla, msikutanishe ukoo kwanza. Mtafutieni chombo, mpelekeni hospitali saa ile ile.

Bwana Mwenyekiti, nisingependa maneno yangu yaishie katika kijitabu hiki. Kesho Mkutano utazungumza juu ya matumizi ya ziada ya mwaka. Naleta ombi moja mbele yenu: kila chama cha msingi kinunue kipimo kimoja cha shinikizo la damu, na kamati ikubaliane na mganga wa zahanati iliyo karibu, ili siku za kupima pamba mwanachama apimwe na yeye mwenyewe. Namba zake azitunze pamoja na stakabadhi zake za mauzo. Mzee akikosa siku mbili, jirani yake aulizwe habari zake. Kwani upweke nao huwadhoofisha wazee, na ushirika ulianza kwa watu kuulizana hali kabla ya kuulizana bei.

Baba zetu hawakukubali kupunjwa ratili moja ya pamba. Tusikubali sisi kupunjwa miaka kwa sababu ya kitu kinachopimika kwa dakika chache. Siku ya soko lijalo, kabla hujaweka gunia lako juu ya mizani, nyosha mkono wako upimwe.

Nawatakieni nyote uzee mwema wenye nguvu. Udumu Ushirika wetu.