Chembe Sahani Zikipungua, Sababu Iandikwe

Chembe sahani ni zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Zikishuka sana, ufizi huvuja damu na vidoa vyekundu hutokea miguuni.

Mara nyingi kupungua huko ni dalili ya ugonjwa mwingine. Malaria huzipunguza, na homa ya dengi vilevile, kama wakazi wa Pwani wanavyojua. Kalaazari, inayopatikana Baringo, Turkana na Pokot Magharibi, hufurisha wengu, nao wengu uliovimba huzizuia humo ndani. Kuna pia virusi vya Ukimwi, ugonjwa wa ini, pombe na hata baadhi ya dawa.

Hesabu ya mashine peke yake haitoshi. Wakati mwingine chembe hushikamana ndani ya chupa ya sampuli, mashine ikasoma chache kumbe zipo tele. Ndiyo maana damu hukaguliwa kwa hadubini.

Kisha kuna kuandika. Faili ikisema tu "chembe sahani chache", daktari wa hospitali ya rufaa huanza upya, na mgonjwa hutolewa damu tena. Ikisema "kutokana na malaria, hesabu 60,000, zipimwe tena baada ya matibabu", kazi inaendelea. Zisipopanda baada ya malaria kupona, sababu nyingine itafutwe.

Mwenye homa asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa, maana huongeza hatari ya kuvuja damu. Akienda kliniki abebe majina ya dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo.