Tumheshimu Mwalimu Angali Hai

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa tawi)



Mimi si msemaji. Elimu yangu ni ya shule ya misheni, na kazi yangu ni ya spana na nyundo. Lakini leo tunamuaga fundi mzee aliyetufundisha kazi wengi wetu hapa, nami nimeona nilete habari za mwalimu mwingine, wa nchi ya mbali, ili zitufae.

Mwalimu huyo aliitwa Vicente Ferreira Pastinha. Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1889 katika mji wa Salvador, nchi ya Brazili. Utumwa ulikuwa umekomeshwa huko Mei 1888, hata mwaka haujatimia. Watu weusi wa mji ule ni kizazi cha Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo, wengine kutoka Angola. Katika taabu ile walitengeneza mchezo wa kupigana uitwao kapoeira. Watu hufanya duara, wawili huingia katikati. Hupiga kwa miguu na kwa kichwa, hujipinda mpaka chini, huku ngoma, matari na uta wenye kibuyu vikiwaongoza. Mgeni hudhani wanacheza tu. Ajuaye huona vita.

Wakubwa waliuogopa mchezo huo. Sheria ya mwaka 1890 ilisema atakayekutwa akiucheza barabarani afungwe miezi miwili hadi sita.

Pastinha alisimulia kwamba alipokuwa mtoto, kijana mmoja mwenye nguvu kuliko yeye alikuwa akimpiga kila mara. Mzee mmoja Mwafrika, jina lake Benedito, alikuwa akitazama dirishani. Siku moja akamwita, akaanza kumfundisha, hata yule kijana asimweze tena. Angalieni, ndugu zangu: yule mzee hakutoka nje akampige mtoto wa watu. Alimpa mnyonge ujuzi.

Pastinha aliingia shule ya mabaharia wa serikali, kisha akatafuta riziki kama sisi: aling'arisha viatu, alishona nguo, alifanya kazi ya ujenzi bandarini. Mwaka 1941 walimu wenzake walimkabidhi uongozi wa mchezo wao, naye akaunda chama cha Kapoeira Angola. Hakukiacha chama kiende ovyo. Aliweka kanuni na wasimamizi: huyu wa mazoezi, huyu wa nyimbo, huyu wa ala, huyu wa kutunza maandiko. Wanafunzi walivaa sare ya manjano na nyeusi. Mchezo uliodharauliwa kuwa wa wahuni ukapata heshima, kwa sababu ulikuwa na utaratibu. Sisi wa chama tunalijua jambo hilo.

Mwaka 1955 alifungua shule yake mahali paitwapo Pelourinho, yaani nguzo ya kuchapia watumwa. Palepale walipochapwa babu zao, wajukuu wakajifunza kusimama. Mwaka 1964 kitabu chake kilitolewa. Aprili 1966 alipelekwa Dakar, Senegal, kwenye sherehe kubwa ya kwanza ya sanaa za watu weusi wa dunia. Alikuwa na miaka 77, na macho yakififia.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Baadaye wenye mamlaka walimtoa katika jumba lile, wakisema litatengenezwa. Aliahidiwa kurudi. Hakurudishwa, jumba likawa mahali pa kula. Mzee akawa kipofu, hana shule. Mkewe aliuza bajia za kunde ili wapate chakula. Pastinha alimalizia siku zake katika makao ya maskini, akafariki tarehe 13 Novemba 1981, umri miaka 92.

Watu walimpiga picha, wageni walimsifu, wakubwa walimpa mkono. Lakini sifa hailipi kodi ya nyumba.

Kazi yake haikufa. Mwanafunzi wake João Pequeno alifungua tena shule mwaka 1982 katika ngome ya zamani mjini Salvador. Mwenzake João Grande alifundisha New York tangu mwaka 1990. Mwaka 2014 UNESCO iliandika duara la kapoeira kati ya urithi wa wanadamu. Heshima ilifika, mwenyewe ameshazikwa miaka 33.

Bwana Mwenyekiti, fundi wetu ametufundisha kusikiliza gurudumu kwa nyundo na kujua lenye ufa. Leo tutampa blanketi na saa, tutapiga makofi. Lakini hati za kiinua mgongo chake bado zinazunguka kutoka meza hii kwenda meza ile, na nyumba ya kazi ameambiwa aihame mwisho wa mwezi.

Kwa hivyo naomba mkutano ukubali mambo mawili. Kwanza, katibu aandike barua kesho, asingoje mwezi ujao, na wajumbe wawili waipeleke kwa mkono, wasiondoke bila jibu. Pili, mwenye kalamu kati yetu akae na mzee aandike anayoyajua.

Mzee wetu, ulituona tukipigwa na kazi tusiyoijua, ukatuita. Nasi hatutakaa dirishani tukikutazama.