Vera Brittain, Binti wa Zamani za Vita

Vita hupiganwa mbali, lakini uchungu wake huingia katika kila nyumba. Wazee wetu waliyajua hayo tangu vita vya 1914 mpaka 1918, vijana wengi walipochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, wala wengi wao wasirudi. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, ni ukumbusho wao. Leo nitawasimulia habari za binti wa Uingereza aliyepatwa na msiba wa vita hivyo hivyo.

Vera Brittain alizaliwa mwaka 1893. Baba yake alikuwa na kiwanda cha karatasi, na watoto wake walikuwa wawili tu, Vera na mdogo wake Edward. Siku zile watu wa namna yao walimpeleka mwana wa kiume chuoni, binti akakaa nyumbani kungojea mume. Vera hakuridhika. Alimsihi baba yake, akasoma kwa bidii, na mwaka 1914 akaingia chuo cha Somerville, Oxford.

Lakini vita vilikuwa vimekwisha anza. Edward alikwenda jeshini, na rafiki zake Roland, Victor na Geoffrey vile vile. Roland alikuwa mchumba wa Vera. Binti yule aliona haya kukaa na vitabu hali wapenzi wake wamo hatarini. Basi mwaka 1915 akaacha masomo, akawa muuguzi wa kujitolea.

Krismasi ya mwaka ule Roland alikuwa amepata ruhusa ya kuja nyumbani, na Vera alikuwa akimngojea mjini Brighton. Alipoitwa kwenye simu alikimbia kwa furaha, akidhani amefika. Kumbe aliambiwa ya kuwa Roland alipigwa risasi huko Ufaransa, akafa tarehe 23 Desemba.

Vera alirudi kwenye vidonda vya wengine. Mwaka 1916 alipelekwa Malta. Huko, mwaka 1917, alipata habari ya kuwa Geoffrey ameuawa, na Victor amepofuka macho. Akafunga safari kurudi kwao, tayari kuolewa na yule kipofu ili amtunze. Lakini Victor naye akafa mwezi wa Juni.

Kisha akaenda Étaples, Ufaransa, na huko akapewa kuuguza majeruhi wa Kijerumani. Fikirini, wasikilizaji: mikono yake ilifunga vidonda vya watu ambao mdogo wake alikuwa akipigana na wenzao. Naye aliwauguza.

Mwezi wa Juni 1918 Edward aliuawa katika milima ya Italia. Simu ya maandishi ikafika nyumbani, na wazazi wale wakabaki na mtoto mmoja.

Je, Vera alifanya nini? Mwaka 1919 alirudi Oxford. Hakuendelea na fasihi aliyoianza, bali alishika historia, apate kujua sababu za mambo yaliyomharibia ujana wake. Siku zile moyo wake ulikuwa mgonjwa, akajiona mpweke kati ya wanafunzi wasioijua huzuni yake. Lakini alipata rafiki, Winifred Holtby, nao wakatiana moyo. Mwaka 1933 alitoa kitabu, *Testament of Youth*, alimosimulia habari za wapendwa wake, barua zao zikimsaidia.

Wahenga walisema, “Baada ya dhiki, faraja.” Kwake faraja haikuja upesi, wala haikuja yenyewe, tangu kufa kwa Edward hata kitabu kile kutoka ilipita miaka 15 ya kazi. Alipofariki mwaka 1970, majivu yake yalipelekwa Italia, yakanyunyizwa juu ya kaburi la mdogo wake, kama alivyoagiza.

Nanyi, kama nyumbani kwenu mna barua ya mtu aliyekwenda vitani asirudi, msiitupe. Waombeni wazee wawasimulie habari zake, mkaziandike.

Kwaherini.