Kumkunja Mtoto Si Kumvunja



Tuchukue mfano wa binti wa miaka tisa, mwanafunzi wa shule ya msingi huko milimani, Chome au Mbaga. Anapiga samasoti kwenye nyasi bila ya kufundishwa na mtu, na kijiji kizima kinamshangilia. Ndipo wazazi wake wanapojiuliza: tumpeleke mjini akafundishwe jimnastiki ya mashindano, au abaki shuleni, acheze halaiki na kukimbia pamoja na wenzake? Swali hili si dogo, kwa sababu atakayelipa gharama ya jibu ni mtoto, wala si sisi.

Wapo watakaosema: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, na jimnastiki hudai kuanza mapema. Nadia Comaneci wa Rumania aliianza akiwa na umri wa miaka sita hivi, na mwaka 1976 huko Montreal alipata alama 10 kamili, naye ana miaka 14 tu. Lakini kumkunja si kumvunja. Mwili wa mtoto unaokua haustahili kila mzigo. Ndiyo maana tangu mwaka 1997 msichana haruhusiwi kushindana katika jimnastiki ya Olimpiki kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16.

Riadha ni njia nyingine. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa kijana wa miaka 20. Mkimbiaji hukomaa polepole. Hana haja ya kung'olewa kwao angali mdogo.

Sisemi kwamba jimnastiki ni mchezo mbaya. Nasema kwamba inahitaji ukumbi, magodoro mazito, vyuma imara, na mwalimu anayejua kumdaka mtoto anapokosea. Pasipo hivyo, ahadi ya ubingwa ni maneno matupu, na ardhi kavu haina huruma kwa shingo ya mtoto.

Kwa hiyo, mzazi anayeahidiwa makuu na aulize mambo matatu. Huko mjini nani atamlea mwanangu? Atasoma shule gani? Na akiumia au akichoka, je, njia ya kurudi ipo? Majibu yasipopatikana, binti na abaki nyumbani.

Kubaki si kukizika kipaji. Upareni ipo desturi ya msaragambo. Mikono iliyochimba mifereji haishindwi kusawazisha kiwanja cha shule. Na UMITASHUMTA humfungulia mtoto mlango kutoka shuleni hadi wilayani, mkoani na taifani, bila ya kumtoa darasani.

Siku atakapokuwa na umri wa kuchagua, achague mwenyewe, akiwa na viungo vizima na elimu kichwani.