Video Kubwa, Kiungo Kidogo

Msikilizaji wa Milepa, video ya kwaya imegoma kwenda kwa barua pepe? Gmail haitumi kiambatisho kinachozidi megabaiti 25. Ipakie Google Drive, yenye gigabaiti 15 za bure, kisha mtumie ndugu yako aliyeko Sumbawanga kiungo cha kupakulia. Unapakia mara moja, hata wapokeaji wakiwa 20. Ila bando lako litaliwa, na la kila anayepakua pia. Watajie ukubwa wa faili mapema, wasije wakakununia!

Angalia na ruhusa. Ukichagua “yeyote mwenye kiungo”, kikirushwa kwenye kundi la WhatsApp hata usiowajua wataifungua. Faili la vyeti au vitambulisho, ruhusu barua pepe za wahusika tu. Wakishapakua, ondoa ruhusa.