GARI KUUKUU LA MRADI: TULITUNZE WENYEWE KABLA HALIJATUACHA NJIANI

(Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya madereva, wainjilisti na wasimamizi wa miradi, mjini Shinyanga)

 

Tumepewa kuzungumzia utunzaji wa gari kuukuu la mradi. Huenda wengine mnajiuliza kwa nini ofisi ya miradi, ambayo kazi yake ni kuandika taarifa, inasimama mbele ya madereva kuzungumza habari za oili na springi. Hatukuja kuwafundisha udereva. Tumekuja kwanza kukiri kosa, halafu tukubaliane namna ya kufanya kazi pamoja.

Msimu mmoja wa mvua tulikuwa tunarudi kutoka vijijini upande wa Nyang'hwale, tulikopeleka vipuri vya pampu za visima. Jioni muuguzi wa zahanati alitusimamisha njiani. Alikuwa na mama mjamzito, uchungu umemshika tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya, na alihitaji kufikishwa hospitali. Tulimpakia pamoja na mama mkwe wake. Hatukufika mbali. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka chini ya boneti. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka. Kwa kuwa tulitaka kumfikisha mama yule, tuliufunga kwa vipande vya tyubu, tukajaza maji ya dimbwi, tukaendelea. Tulisimama, tukajaza, tukaendelea tena, mpaka injini ikakataa kabisa. Mama yule alimalizia safari kwa pikipiki, amekaa katikati ya mwendeshaji na mkwewe, usiku, kwenye utelezi. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto walipona. Lakini hawakupona kwa sababu yetu.

Baadaye tulifungua kitabu cha gari. Dereva alikuwa ameandika mara mbili kwamba mpira wa chini wa rejeta umevimba na unahitaji kubadilishwa. Mara ya kwanza ofisi iliandika pembeni, "Imeonekana." Mara ya pili iliandika, "Isubiri bajeti ya robo ijayo." Bei ya mpira ule ilikuwa ndogo kuliko posho ya siku moja ya mshiriki wa semina kama hii. Kwa kuuacha, silinda hedi ilipinda, gasketi ikaungua, na gari likakaa gereji wiki sita katikati ya msimu wa kazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulioneshwa ufa mara mbili, kwa maandishi.

Kwa hiyo tunaposema "tulitunze wenyewe", hatumaanishi dereva peke yake.

Gari hili linatengenezeka

Mengi ya magari ya miradi yetu ni Land Cruiser za zamani, zile ambazo watu huziita "mkonga" kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Toyota ilianza kuunda aina hii, inayoitwa 70, mwaka 1984. Mwaka 1990 ikaja injini ya dizeli ya 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, yaani karibu lita 4.2. Injini hii haina tabo, na pampu yake ya mafuta haiendeshwi na kompyuta. Hiyo ndiyo heri yetu. Mengi yanayoharibika yanaonekana kwa macho, yanasikika kwa sikio, na yanashikwa kwa spana.

Ukifika kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu au Rwamgasa utaona makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu yakiendeshwa kwa injini za dizeli. Injini ikizima, kazi inasimama, na kila saa ni hasara. Wale vijana hawakai kusubiri fundi kutoka Mwanza. Wanajua injini yao inakula nini na inalia vipi. Kama wao wanaweza, na sisi tunaweza.

Ni kweli mambo yamebadilika. Lami inatufikisha Geita, na tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, spea kutoka Mwanza haisubiri tena kivuko. Lakini walengwa wetu hawakai kwenye lami. Gari linaharibikia kule kule kwao.

Adui watano wa gari letu

1. Vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi la moramu hutafuta njia ya kuingia kwenye injini. Chini ya kopo la filta ya hewa kuna kimpira chenye mdomo. Ukikibana, kinatema vumbi. Kibanwe kila asubuhi, na kikikatika kinunuliwe kingine. Filta ya karatasi ipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, isigongwe kwenye tairi. Kisha pitisha kidole ndani ya bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali hewa inapita bila kuchujwa: filta imetoboka, au kibano cha bomba kimelegea. Vumbi hilo linasaga ringi na silinda, na baada ya muda gari litaanza kula oili.

2. Joto. Kila asubuhi, injini ikiwa ya baridi, angalia maji ya rejeta. Binya mipira yote kwa mkono. Uliovimba, uliolainika kama matumbo au uliokakamaa na kuchanika ubadilishwe, haijalishi robo ya mwaka ni ipi. Maji ya visima vingi vya kwetu yana chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya rejeta. Tumia maji maalumu ya rejeta. Ukikwama, maji ya mvua yaliyochujwa ni afadhali kuliko ya kisima. Ukipita kwenye nyasi ndefu, simama usafishe mbegu na majani kwenye uso wa rejeta, maana huziba hewa. Angalia pia chini ya gari, kwa kuwa nyasi kavu zikishikamana na bomba la moshi zinaweza kuwaka. Mshale ukipanda, simama na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, kitakuunguza uso.

3. Maji na tope. Udongo mweusi wa mbuga mnaufahamu. Unajaa kwenye rimu, unabana ngoma za breki, na ukikauka unakuwa kama saruji. Oshweni gari chini, si juu tu. Jambo wengi hawalijui ni la difu. Difu ikiwa ya moto ikaingia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili au kibomba cha kupumulia. Hivyo kabla ya kuvuka mto, tulia kidogo gari lipoe. Baada ya kuvuka maji mengi, kagua oili ya difu zote mbili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe yote na iwekwe mpya, kabla gia hazijaliwa.

4. Mtikisiko. Barabara ya moramu yenye rasta hulegeza kila kinachoweza kulegea. Kila wiki kaza nati za magurudumu na bolti zinazoshika springi kwenye ekseli. Pitisha macho kwenye kila jani la springi ukitafuta ufa. Piga grisi kwenye kros za propela na pini za springi mpaka grisi ya zamani yenye uchafu itoke. Mara moja kwa mwezi inua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, huenda beringi zimelegea au zimekwisha. Wenye magari yenye habu za kufunga kwa mkono, zifungeni mara moja kwa mwezi mkatembee kilometa chache kwenye barabara ya vumbi ili oili ifike mbele. Habu isiyofungwa mwaka mzima itagoma siku mtakapoihitaji kwenye tope.

5. Mafuta machafu. Zamani dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilitusumbua sana. Mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kupambana na uchakachuaji. Lakini vinasaba haviondoi maji na mchanga vinavyoingia kwenye madumu yetu wenyewe. Mafuta ya dumu yaachwe yatulie, yapitishwe kwenye kitambaa safi, na yale ya chini yasimiminwe. Chini ya filta ya dizeli kuna koki. Ilegeze kidogo kila wiki maji yatoke mpaka ije dizeli safi, kisha uifunge na kupampu kwa mkono ili kuondoa hewa. Dakika tano hizo zinaokoa pampu na nozeli, ambazo ni ghali.

Mkanda wa taimingi

Hili tunalitenga peke yake. Injini ya 1HZ ina mkanda wa taimingi, na unatakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Haupigi kelele unapochoka. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana, na hapo huzungumzii matengenezo tena, unazungumzia injini nyingine. Kwenye dashibodi kuna taa yenye maandishi T-BELT ya kukumbusha. Lakini ninyi na sisi tunajua hali ya dashibodi zetu. Magari kadhaa hayahesabu kilometa kwa sababu kebo imekatika, na taa zimekufa. Kwa hiyo tutegemee kitabu. Siku mkanda unapobadilishwa iandikwe kwa kalamu ya wino kwenye ukurasa wa kwanza, na kama hakuna anayekumbuka ulibadilishwa lini, basi siku yake ni sasa.

Tusiyoyafanya wenyewe

Kujitegemea si kujifanya fundi wa kila kitu. Mkanda wa taimingi, pampu ya dizeli, nozeli na silinda hedi vinahitaji fundi mwenye vifaa na vipimo. Dereva awepo akiangalia, na spea ya zamani irudishwe ofisini pamoja na risiti. Breki zikilegea, kanyagio likazama, gari lisitembee hata kwenda ibadani.

Na ndugu zangu, jeki si nguzo. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Wekeni vigogo imara chini ya chesisi, zibeni magurudumu yaliyo ardhini kwa mawe, na chini ya jeki wekeni ubao mpana, hasa kwenye udongo wa mbuga. Gari linaweza kununuliwa jingine.

Oili chafu

Tunakwenda Geita kuwaambia wachimbaji wasimwage zebaki karibu na vyanzo vya maji. Tunafanya vizuri. Halafu tunarudi kwenye kituo chetu, tunamwaga oili ya injini nyuma ya choo, hatua chache kutoka kisimani. Watoto wa jirani wanatuona. Kuanzia sasa kila kituo kiwe na pipa lenye mfuniko kwa ajili ya oili chafu na filta zilizotumika, ikusanywe na kupelekwa kwa wanaozipokea kihalali. Hatuwezi kuhubiri kwenye mwalo jambo ambalo tumelishindwa uani kwetu.

Wajibu wa ofisi

Sasa tunarudi kwenye kosa letu. Dereva wetu alifanya yote tuliyoyataja leo. Alikagua, alibinya mpira, aliandika. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma na kuchukua hatua. Kwa hiyo ofisi inaahidi mambo manne mbele yenu:

a) Kitabu cha gari kitasomwa kila Ijumaa, na kila alichoandika dereva kitajibiwa kwa tarehe na sahihi. Neno "Imeonekana" halitakubaliwa kuwa jibu.

b) Kila kituo kitakuwa na mfuko mdogo wa matengenezo ambao dereva na msimamizi wanaweza kuutumia bila kusubiri sahihi tatu kutoka makao makuu. Risiti zitafuata.

c) Kila gari litabeba sanduku lenye mipira ya rejeta, mkanda wa feni, filta ya dizeli, oili, viraka vya tairi, waya, spana na tochi.

d) Sevisi kubwa itafanyika Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, na itaandikwa kwenye maombi ya fedha tangu mwanzo. Wafadhili wengi hawatoi tena fedha ya magari mapya, na hatuna sababu ya kuwalaumu kama haya tuliyonayo tunayaacha yafe.

Ninyi madereva tunawaomba jambo moja. Tumieni dakika ishirini za kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, na kitabu kiandikwe hata siku ambayo hakuna tatizo. Mkiona ofisi imekaa kimya, msinyamaze. Semeni mara ya tatu, na ikibidi kataeni kuondoka. Hamtaadhibiwa kwa hilo.

Yule muuguzi bado yuko kwenye zahanati yake. Tukipita hutusalimu vizuri, na hutuuliza, "Gari linaendeleaje?" Hatujui kama anatania. Tungependa siku atakapotusimamisha tena jioni, mvua inanyesha, tuwe na jibu la kumpa.